Kiti cha Baba Mkwe

Mimba yangu ya kwanza niliibeba nikiwa bado mgeni katika boma la wakwe zangu, upande wa Ekerenyo, miaka michache baada ya uhuru. Boma zima lilikuwa na choo kimoja cha shimo, nyuma ya migomba, na njia yake ilipita mbele ya mlango wa baba mkwe. Mzee alikuwa na kiti chake hapo. Kila asubuhi aliota jua mpaka viungo vilegee, maana baridi ya alfajiri huku kwetu haina adabu.

Adabu ilikuwa yangu mimi. Kwetu Wagusii, mke wa mwana na baba mkwe huoneana haya: hawapeani mkono, hawakaribiani, wala hawatajiani mambo ya mwili. Sasa niambie, ningepitaje mbele ya mzee huyo, tumbo limetangulia, nikielekea chooni? Nilijizuia mpaka giza liingie. Likiingia, haja nayo imekwisha kwenda zake.

Mimba ilipofika mwezi wa tano, tumbo lilikuwa gumu kama jiwe la kusagia wimbi. Siku zilipita bila choo. Niliogopa kujikamua, nikidhani nitamtoa mtoto kabla ya wakati wake. Nilikuwa nimekwisha kumpenda, na kila nilipochuchumaa nilimwomba msamaha.

Mama mkwe aligundua alipoona narudisha sahani ya chakula bila kuimaliza. Akaanza kunitibu: maji ya uvuguvugu kabla ya uji, ndizi mbivu, papai, mboga za managu zilizopikwa kwa maziwa.

"Kula, mwanangu," alinitania. "Choo ni mgeni, asiyeandaliwa haji."

Niliandaa sana, mgeni hakuja. Ndipo akanipeleka zahanati. Muuguzi, mama mtu mzima wa huku huku kwetu, alinipapasa tumbo polepole.

"Maji na mboga ni sawa, mama. Lakini haja ikikuita, unaitika?"

Nikainamisha kichwa. Mama mkwe ndiye aliyejibu: "Njia ya choo inapita kwa mzee."

Muuguzi hakucheka. "Basi tatizo ni hilo. Asijizuie tena," alimwambia.

Tulirudi nyumbani, na jioni ile mama mkwe akaingia kwa mzee kuzungumza naye. Asubuhi yake nilifungua mlango, nikaona kiti hakipo. Mzee alikuwa amekihamishia nyuma ya nyumba yake, kivulini, koti lake kuukuu limefungwa vifungo mpaka shingoni. Wazee wenzake walipomuuliza, aliwajibu kwamba jua linamuumiza macho.

Nilipita njia ile bila mtu wa kuniona. Haikuwa siku ya kwanza wala ya pili, lakini maji na ndizi vikafanya kazi. Nililia mle chooni, na hayakuwa machozi ya maumivu.

Mtoto alipozaliwa salama, nilimwomba mama mkwe amwambie mzee arudi juani. Aliniletea jibu huku akibana kicheko.

"Amesema tumwache alipo. Bado una wengine wa kuzaa."

Nilizaa watano. Miaka hiyo yote nilimsikia akikohoa upande ule wa baridi, na kwa desturi yetu sikuweza hata siku moja kumwambia asante.