Kibali cha Kumzika Baba

Tangu nilipomaliza chuo kikuu mwishoni mwa miaka ya tisini, kazi yangu imekuwa kuomba ruhusa kwa niaba ya watu ambao wameshaamua. Mwekezaji anataka kuchimba, kufuga au kujenga, nami natangulia na faili: cheti cha mazingira, kibali cha maji, kibali cha kugusa mikoko na, kabla ya hivyo vyote, ridhaa ya kijiji, ambayo hupatikana mkutanoni kwa watu kunyoosha mikono. Katika barua rasmi tunaitwa wataalamu wa vibali. Makarani wa wilaya walituita watu wa mihuri, na sikuona kosa katika jina hilo.

Ofisi yetu ilikuwa nyumba ya kupanga pale Magomeni, mjini Mtwara. Mkurugenzi alikuwa mtu wa Kanda ya Ziwa, mcheshi, msomi, mwenye sauti ya kuongoza kwaya. Alinipenda kama mtu anavyopenda kisu chake: alinitumia kila siku na hakuniuliza habari za nyumbani. Wageni walipokuja aliniita nisome taarifa, kisha akaiga matamshi yangu, ile lafudhi ya Kimakonde ambayo chuo kikuu hakikuweza kuniondolea. "Mmemsikia?" aliwauliza. "Huyu ana digrii. Digrii yenyewe imechanganywa na muhogo." Wageni walicheka, nami nilicheka pamoja nao, kwa kuwa nilikuwa na jambo nililolitaka kwake.

Nilikitaka kiti cha mkuu wa vibali. Aliyekikalia alihamia Dar es Salaam, na kikabaki wazi karibu na dirisha, chenye mikono miwili na mto mwekundu. Nilikuwa nimetembea kwenye matope ya mlango wa Ruvuma kwa miaka mingi nikiandaa kazi ambazo wengine walizitia sahihi. Mke wangu alijua habari za kiti kile, mama yangu alijua, hata muuza chapati wa nje ya ofisi alijua. Mkurugenzi naye alijua kuliko wote, na kwa sababu hiyo aliniwekea sharti.

Mradi uliokuwa mezani ulikuwa wa mabwawa ya kufugia kambamiti, karibu na mlango wa mto, chini ya kijiji nilichozaliwa. "Niletee ridhaa ya kijiji chako," aliniambia, "kiti ni chako. Mtu asiyekubalika kwao hawezi kunikubalishia kwa wengine."

Mkutano ulipangwa. Nilikwenda kijijini mara nyingi jioni, nikazungumza na mwenyekiti, nikafanikiwa kumshawishi mwekezaji asogeze mpaka ili njia ya akina mama ya kwenda kuokota chaza isizibwe. Watu walinisikiliza vizuri. Sikuwa na wasiwasi. Kisha, katika wiki ile ya kusubiri, wakati wa kuokota korosho, baba alianguka shambani, na walipomfikisha kivulini alikuwa ameshakata roho.

Mkurugenzi alikuja mazikoni. Nataka nimtendee haki: alikuja kwa gari la ofisi, akaleta mchele, akakaa kwenye mkeka pamoja na wanaume, na akavua viatu bila kuambiwa. Niliona fahari ndani ya msiba wangu, na nadhani wafiwa wengi waliosoma wanaifahamu fahari hiyo ya aibu.

Baada ya sala tulilibeba jeneza hadi makaburini. Pale tukakuta kaburi limeshakaliwa.

Msomaji wa kwetu hahitaji kuelezwa, lakini huenda kitabu hiki kikasomwa mbali. Sisi Wamakonde wa upande ule tuna watani wetu miongoni mwa Wayao. Mtani ana haki ya kukutukana siku ambayo hakuna mwingine anayethubutu kukugusa, yaani siku ya msiba. Atalala kaburini, atazuia jeneza, atamwiga marehemu alivyokuwa akikohoa, na hatatoka mpaka apewe kitu. Usipotukanwa siku hiyo, jua kwamba umekwisha kuwa peke yako duniani.

Aliyelala kaburini alikuwa karani wa mizani kwenye ghala la korosho, mtu wa rika langu, tuliyecheza naye utotoni. Alikuwa amejifunga shingoni ukanda wa gome la mgomba kama tai, na kwapani amebana kipande cha ubao kama faili. Aliinuka akajipangusa udongo, akakohoa kikohozi changu cha ofisini.

"Ndugu wafiwa, poleni kwa msiba," alisema, kwa sauti yangu hasa. "Kabla hatujaendelea. Mnacho kibali?"

Baba mdogo, ambaye ndiye aliyekuwa akisimamia maziko, alijaribu kukaza uso. "Kibali cha nini, mtani?"

"Cha kuchimba. Udongo huu ni wa Serikali. Na tathmini ya athari kwa mazingira imefanyika? Marehemu amekula muhogo na pweza maisha yake yote. Mkimweka hapa itatoka gesi, na gesi ikitoka mtaambiwa mhame."

Watu walianza kucheka, kwanza kwa pua, kisha kwa mdomo wazi.

"Wadau wameshirikishwa?" aliendelea. "Nimeongea na mchwa. Mchwa wanasema huyu mzee ni mkavu, hana faida. Wanaomba waletewe mwanawe, yule mnene anayekaa kwenye feni."

"Mtani, maiti hacheleweshwi," shehe alisema.

"Shehe, si mimi ninayechelewesha, ni utaratibu." Hapo alinigeukia, akanyoosha ubao. "Na wewe, mtaalamu. Baba yako ana bahati amekufa leo. Angengoja mwezi mmoja ungeshamuuza akiwa hai. Kijiji hakikutaki. Utatuuza hadi makaburi, utuache tunazikana mitini kama nyuki."

Watu walicheka mpaka wakashikana mabega. Nilicheka nami, machozi yakinitoka, na kwa mara ya kwanza tangu baba aanguke nilihisi kifua changu kinafunguka. Nyuma yangu nilisikia kicheko kikubwa kuliko vyote, cha sauti ya kwaya. Mkurugenzi alikuwa akijifuta macho. "Hawa wa kwenu ni wepesi," aliniambia sikioni. "Kwetu mtani aliwahi kukimbia na sanda."

Mtani alitaka viatu vyangu. Nilivivua, viatu vyeusi vya ngozi vya kazini, akavivaa palepale ndani ya kaburi. Kisha akatupa ubao na tai, akanyoosha mikono kumpokea baba, akamlaza mwanandani kwa upole mkubwa, akalia. Nilirudi nyumbani pekupeku.

Mkutano wa kijiji ulifanyika baada ya hitima. Mikono iliyonyooshwa ilikuwa mingi kiasi kwamba mwenyekiti aliwaomba washushe, ameshaona. Mtani wangu alinyoosha mikono yote miwili, akaambiwa na jirani yake, "Wewe Myao mmoja una kura ngapi?" Nilirudi Magomeni na muhtasari wa mkutano, nikauweka mbele ya mkurugenzi, nikabaki nimesimama.

Aliusoma taratibu. "Kazi safi," alisema. "Keti."

Niliketi kwenye kiti cha wageni.

"Nimempa nafasi kijana mmoja wa Dar. Anakuja mwezi ujao. Utamfundisha njia za huku, matope haya hayajui."

Nilimuuliza kilichopungua ni nini. Hakuonekana kuudhika. Alieleza kama mwalimu anayerudia somo kwa mwanafunzi anayempenda.

"Mwekezaji aliniomba maoni juu yako. Nikaandika nilichokisikia kwa masikio yangu: kwamba jamii yako ilikupinga hadharani, mbele ya kaburi la baba yako. Ilisema haikutaki. Ilisema utauza makaburi."

"Mzee, ule ulikuwa utani."

"Najua."

"Ulicheka."

"Nilicheka kwa sababu najua utani. Nimeandika kwa sababu mwekezaji haujui." Aliufunga muhtasari, akaulaza juu ya mafaili mengine. "Yule kijana ni mtoto wa dada yangu. Ungekuwa wewe ungefanyaje? Usinijibu. Nenda ukanywe chai."

Watu wengi waliowahi kunitesa walijificha nyuma ya uongo, na uongo humwachia aliyeteswa mahali pa kusimama. Huyu hakuniachia hata hapo. Kila neno alilolitia katika barua ile lilikuwa limetamkwa kweli, siku hiyo, mahali hapo. Alichokiacha nje ni kicheko.

Habari ziliposambaa hadi kijijini, sijui kwa mdomo wa nani, mtani wangu alipanda gari la mizigo akaja mjini. Aliingia ofisini kwetu amevaa shati la Ijumaa na viatu vyangu, ameving'arisha. Nilimwomba arudi.

"Kaa kimya, Mmakonde," alinijibu. "Mimi ndiye niliyesema, mimi ndiye nitakayesemua."

Mkurugenzi alimpokea kwa furaha iliyonitisha. Alimwagizia soda, akamwita mtani, wakataniana kuhusu Wayao na safari zao. Kisha akamuuliza kwa upole, "Kwa hiyo, ndugu yangu, yale maneno ya makaburini, uliyasema?"

"Niliyasema. Lakini, mzee, ni mila. Sisi na wao..."

"Uliyasema mbele ya watu?"

"Mbele ya watu wote. Ndiyo utaratibu wetu, usiposema mbele ya watu ni kama..."

"Asante sana," mkurugenzi alisema. "Nilikuwa na shaka kidogo, umenitoa." Akaandika mstari mmoja, akampa mkono.

Nje, kwenye jua, mtani wangu alinipiga bega. "Nimekumalizia. Mtu muungwana yule, hata soda alinipa ya baridi. Ukishakaa kwenye kiti usinisahau, Mmakonde mchafu wewe." Nilimsindikiza hadi kituoni. Sikumwambia. Alikuwa amenyoosha shingo kama mtu aliyeshinda kesi, na sikuona faida ya kumvunja.

Kijana wa Dar alikuja. Hakuwa mbaya. Nilimfundisha kuvuka mikoko wakati wa maji kupwa, na alipotia sahihi maombi ya cheti cha mabwawa alinishukuru kwa jina langu la kwanza, kama tunavyofanya na madereva. Nilibaki chini yake hadi nilipopata kazi kwingine, ambako leo ninacho kiti cha aina ileile. Kinalia ninapoegemea.

Miaka kadhaa baadaye mama yake mtani wangu alifariki, katika kijiji kilicho ng'ambo ya Naliendele. Mazikoni zamu ilikuwa yangu. Nilivua koti, nikashuka kaburini, nikalala chali. Udongo ulikuwa baridi mgongoni. Juu yangu niliona duara la nyuso zinazosubiri, na katikati yao uso wake, umevimba kwa kulia, ukinisihi nianze. Miguuni alikuwa na viatu vyangu, vimepasuka kando, vimeshonwa kwa uzi wa gunia la korosho.

Nilikuwa nimejiandalia matusi mazuri juu ya marehemu na pua yake. Hayakuja. Kilichokuja kilikuwa kile nilichokinyamazia miaka yote.

"Sitoki," nilisema. "Mwana wa marehemu ndiye aliyeniharibia kazi. Alikuja ofisini na viatu vyangu, akanywa soda ya mkubwa wangu, akanichongea kwa mdomo wake. Kiti changu amekalia mwingine kwa sababu ya Myao huyu."

Makaburi yote yaliangua kicheko. Wazee walikohoa. Shehe alijifunika mdomo kwa kanzu. Mtu mmoja alisema kwamba siku hizi watani waliosoma wanatunga vizuri sana.

Yeye alicheka zaidi ya wote, ameinama, mikono magotini, machozi yakidondokea ukingoni mwa kaburi. Nilimtazama kwa makini nikitaka kujua kama alikuwa amesikia. "Nirudishie viatu vyangu," nilimwambia.

Alivivua, akaninyooshea kimoja baada ya kingine, bado akicheka. Nilivivaa. Vilikuwa vimeshachukua umbo la miguu yake na havikunitosha tena. Kisha nilisimama, nikainua mikono, wakanikabidhi mama yake.