Mheshimiwa Aliyekataa Kumwita Mtu Mama

Jirani, wa umri wa mjukuu wangu, alinikuta namenya viazi akaniambia, "Shosho, Mheshimiwa ametuacha." Nikamuuliza ni Mheshimiwa yupi, maana yule mwenye duka la dawa za mifugo hapa Chaka hakuwahi kuchaguliwa na mtu. Aliomba udiwani, akaangushwa vibaya, akarudi nyumbani na cheo ambacho hakupewa. Najua mtaniambia marehemu hasemwi. Basi acheni kusoma hapa, kwa sababu mazuri yake nimeyatafuta wiki nzima na sijayaona.

Ukiingia dukani kwake bila kusema Mheshimiwa, hukuuziwa kitu. Nilimwona mzee mmoja wa Kiganjo, wa rika la baba yake, amesimama pale akiuliza, "Mzee, uko na dawa ya kupe?" Akajibiwa, "Mzee umemwacha kwako. Hapa unaongea na nani?" Yule mzee akajirekebisha: "Mheshimiwa, tafadhali." Ndipo chupa ikashuka kutoka rafuni. "Shika, wewe wa ng'ombe." Ati wewe wa ng'ombe! Mtu mwenye wajukuu.

Hilo ningelisamehe. Nisilosamehe ni la mkutano wa mradi wa maji, ambao yeye alikuwa mwenyekiti wake. Huku kwetu mwanamke akishapata mtoto, jina lake la usichana linawekwa kando. Anaitwa mama wa yule mtoto, hata na mume wake. Rafiki yangu hakujaliwa kuzaa. Alilea binti wa marehemu dada yake, akamsomesha kwa kuuza viazi, na soko zima likamwita Mama kwa jina la huyo binti. Siku hiyo alisimama kuomba bomba lipitie upande wake wa mteremko. "Mheshimiwa, mimi Mama..." Hakumaliza. "Mama wa nani? Ulimzaa lini? Keti, msichana, wacha akina mama waongee." Mwanamke mwenye mvi! Wanaume wakacheka, naye akaketi. Bomba likapitishwa kwa waliojua kumsifu mwenyekiti.

Na hakuwa peke yake. Kutoka Gatitu hadi huku, kila aliyevaa koti siku hizi ni bosi au mheshimiwa, lakini ofisini karani mdogo anamwita bibi kizee "wewe", tena bila kuinua macho. Heshima mnaijua sana, ila mnaitaka ije kwenu tu.

Kwenye mazishi, mwongozaji alitaja Mheshimiwa mpaka sauti ikakauka, na wakubwa wakainuliwa mmoja mmoja watupungie mikono. Rafiki yangu hakuonekana. Watu wakanong'ona, "Huyo bado ana kinyongo." Jioni nikampitia, nikamkuta anashusha mitungi kutoka mgongoni mwa punda. "Mama, hukuja kumzika," nikamwambia. Akajifuta jasho. "Ningekuja saa ngapi? Nilikuwa mtoni."

Basi nyinyi mnaokimezea mate kiti chake cha mradi, nisikilizeni vizuri. Yule mama hakunyimwa jina tu. Aliponyamazishwa, hakuna aliyesikia shida yake, na mpaka leo anakunywa maji ya mto huku bomba likipita kwa majirani. Msije kwangu kutaka niwaite waheshimiwa. Nendeni kwake kwanza, mmwite Mama, kisha mnyamaze awaonyeshe anataka bomba lipite wapi.