Mkanda Wangu Ulichanganya Dawa na Unga, Lawama Nikambandika Shemeji

Nimekosa, na sitafuti mtu wa kugawana naye hili kosa. Mwenye kucheka acheke tu, ningekuwa wewe hata mimi ningecheka.

Mimi ni msimamizi wa ghala la duka la jumla hapa Bariadi. Tunashusha mizigo ya malori na kuigawa kwa maduka ya Ngulyati, Binza mpaka Mkula. Kubeba ilikuwa kazi ya makuli, na kiongozi wao alikuwa Sayi, kaka wa mke wangu.

Sayi alikuwa na sheria moja. Aliyebeba dawa ya kuua wadudu wa pamba leo, habebi unga mpaka aoge. Miaka yote hakuna aliyembishia.

Kisha bosi akaleta mkanda wa umeme, ule unaotembea wenyewe na mizigo juu yake kutoka mlangoni mpaka ndani. Jamani, nilivyojiona! Nikanunua shati jeupe. Nikawa nabonyeza kitufe kwa kidole kimoja huku natazama pembeni, utadhani nimezaliwa uwanja wa ndege. Makuli tukawapunguza, akabaki Sayi na wenzake wawili.

Msimu wa kupulizia pamba ulipofika, lori likaleta katoni za dawa pamoja na viroba vya unga.

"Shemeji, dawa na unga vyote vinapita hapo hapo?" Sayi akauliza.

"Kwani mkanda nao unaoga?" nikamjibu kwa sauti. Watu wakaangua kicheko. Mjanja mimi!

Katoni moja ikavuja. Sayi akanusa, akapiga kelele, "Zima, shemeji! Mkanda umelowa dawa!"

Bosi alikuwa amesimama pale na wageni, nami niko katikati ya maelezo yangu matamu. Sikuzima. Viroba vikapita juu ya ule umajimaji, vikaingia ndani kwa mstari mzuri kweli. Sayi ndiye aliyekwenda kuchomoa waya, nikamfokea kwamba ana wivu na mashine, na viroba vile nikaviacha viende madukani.

Kesho yake viroba vitatu vikarudishwa kutoka msibani Ngulyati. Mama aliyepewa kazi ya kupika ugali alisikia harufu akagoma. Mungu ailinde pua ya yule mama! Angekuwa na mafua siku ile, ningekuwa nimeua watu.

Bosi akauliza ni nani aliyesababisha. Nikasema Sayi, aliitoboa katoni makusudi kwa sababu anauchukia mkanda. Ee Mungu wangu, ulimi ule niliutoa wapi?

"Shemeji, ni mimi?" Sayi akaniuliza. Nikatazama chini. Akafukuzwa mbele ya watu wote.

Mke wangu aliupata ukweli kwa wale makuli wawili. Sasa ananipakulia chakula, anageuka, anaondoka.

Mwezi uliopita nilimfuata Sayi huko Mkula, anakolima sasa. Alinipa kiti, akanipa maji, akanisikiliza mpaka mwisho. Halafu akasema, "Nimekusikia, bosi."

Bosi! Mimi, niliyemwoa dada yake!

Ninyi mnaoletewa mashine, msione aibu kuizima mbele ya wageni. Na ukikosa, sema siku hiyo hiyo, mbele ya hao hao waliokuona. Mimi nilimchafua Sayi mbele ya ghala zima, nikaenda kumwomba radhi tukiwa wawili tu, na mpaka leo ghalani sijafungua mdomo. Halafu eti nashangaa hajanisamehe!