Transfoma Mbili za Mzee Leonidas

Kibanda cha mzee Leonidas Mkumbo kilikuwa karibu na stendi ya Kiomboi, na zamani mtu ukishuka basi ulikikuta kimezungukwa na watu wamebeba redio kama wagonjwa. Siku hizi redio ikifa inatupwa. Mzee alikuwa anafungua asubuhi, anapangusa vumbi mezani, anakaa mpaka jioni, anafunga.

Ndiyo maana mwezi wa kumi, Winfrida, mwalimu wa kwaya wa kanisa la Kinampanda, alipoinama mlangoni na kusema shikamoo, mzee aliitika marahaba akiwa tayari amesimama kumpisha kiti.

"Kile chombo cha sauti ulichotutengenezea kimekufa," Winfrida alisema. "Wazee wa kanisa wanataka cha dukani. Mimi nimekutetea, mzee, nikasema utatutengenezea kingine. Nimewaambia kile cha kwanza kimetuimbia tangu nabatizwa. Jumapili ya mwisho ya mwezi ujao zinakuja kwaya sita. Usiniangushe."

"Nikuangushe wapi, mwanangu?"

Alijibu hivyo, lakini alijua. Hiki kikikataa kulia mbele ya kwaya sita, hakuna mtu wilaya nzima ya Iramba atakayemletea hata tochi.

Kesho yake akapanda basi kwenda Singida, mpaka mtaa wa Utemini, kwa mama Scholastika, mjane wa fundi mwenzake. Mama huyu hakuwahi kuzitupa redio mbovu za marehemu. Zimejaa magunia mawili stoo. Mzee alitaka transfoma mbili: ndogo ya kupokea sauti kutoka kwenye kipaza, na kubwa ya kuitoa kwenda kwenye honi ya spika. Mpya nzuri zilimshinda bei, na zile mpya za bei nafuu aliziita maandazi, zimeumuka nje, ndani hewa. Transfoma nzuri ya mtu maskini inatoka ndani ya redio kuukuu.

Alikaa chini kwenye mkeka akaanza kuchagua. Kila moja aliipima uzito kiganjani, akaangalia kama mabati yake membamba yamebanana, akainusa.

"Shemeji, unanusa chuma kama nyama ya mnadani," Scholastika alisema.

"Iliyoungua haifichi harufu. Hii imeungua. Weka kule."

Iliyopita kwenye pua aliipeleka kwenye betri ya tochi. Alilowesha vidole kwa mate, akashika nyaya mbili, akagusisha betri na kuiachia. Transfoma ambayo nyaya zake za ndani ni nzima inakupiga teke dogo la umeme ukiiachia. Iliyochoka inakaa kimya. Hiyo ndiyo mita yake ya tangu ujana. Ya tano ikamrusha mkono, akacheka.

"Na marehemu alikuwa hivyohivyo," mama akasema. "Anapigwa na vyuma, anafurahi. Mimi nikimgusa tu analalamika."

Alirudi Kiomboi na transfoma zake mbili zimefungwa kwenye khanga. Jua lilikuwa kali, miti ya miyombo nyuma ya nyumba, ambako wadudu hupiga mluzi kila kiangazi, imesimama kimya. Mkewe Elina alikuwa anapepeta mtama uani.

"Ukame umewafukuza nyenje," mzee alimwambia. "Mwaka wa pili huu hawalii."

Elina alisimamisha ungo, akamtazama. Kisha akaendelea kupepeta.

Basi alitengeneza wiki tatu. Kisanduku kilikuwa cha mbao za kitanda cha zamani, kidogo, ikabidi zile transfoma mbili zikae karibukaribu, bega kwa bega. Alipowasha, aliweka sikio kwenye honi. Hakuna mvumo. Akasema "moja, mbili," na sauti yake ikatoka nene na safi. Muda mrefu hakuwa amefurahi namna ile.

Winfrida alikuja kukitazama mchana, stendi ikiwa imejaa mabasi. Alikunja uso. "Mzee, kama kuna kitu kinalia. Chembamba."

"Hizo ni breki za basi la Singida."

Winfrida akageuka kutazama, na kweli basi lilikuwa linaingia. Akaridhika.

Jumapili ile kanisa lilijaa mpaka nje. Mzee Leonidas alikuwa amevaa koti lake la harusi. Aliunganisha nyaya, akawasha, akasubiri. Kimya safi, hata mvumo hakuna. Akainua macho atabasamu, akawaona watu wameziba masikio.

Mtoto alikuwa analia mgongoni kwa mama yake. Wanakwaya wa safu ya mbele walikuwa wamejikunyata. Paschal, mzee wa kanisa, alikuwa anapunga mkono: zima, zima. Katika kanisa zima, mtu mmoja tu alikuwa ametulia, naye ndiye aliyekitengeneza.

"Mzee," Winfrida alimnong'oneza, "kinapiga mluzi. Husikii?"

Hakusikia. Lakini alielewa palepale, maana kazi aliijua. Transfoma zile mbili zilikuwa zinasemezana, kubwa inaitikia ndogo, ndogo inaikoroga kubwa. Dawa yake ni rahisi: unailegeza ndogo, unaigeuza taratibu, unasikiliza mluzi unapokufa, unakaza hapo.

Unasikiliza.

"Wewe geuza, mimi nitasikiliza," Winfrida alisema. Mzee akapiga magoti na bisibisi, akageuza huku akimtazama Winfrida usoni kama kipofu anayeongozwa. Uso ulilegea kidogo, ukakunjika tena. Akarudisha, akapitiliza.

"Mzee ametuletea mbu wa umeme," kijana mmoja wa kwaya ya wageni alisema, na safu nzima ikacheka.

Paschal alikuja akachomoa waya, kwa upole. "Tuimbe hivihivi, mzee. Usijali. Jumatatu tutaenda dukani."

Waliimba hivihivi. Winfrida aliongoza bila kumtazama tena. Mzee alikaa pembeni na kisanduku magotini mpaka ibada ikaisha, maana kutoka katikati angelazimika kupita mbele ya watu wote.

Alifika nyumbani jua la alasiri likiwa bado kali. Elina alikiona kisanduku. Alimletea maji.

Mzee alikunywa, akatazama miyombo iliyosimama nyuma ya nyumba.

"Elina. Nyenje wanalia?"

Mkewe alikaa karibu naye, upande wa sikio lake la kulia, akasogeza mdomo.

"Wanalia."

"Na mwaka jana?"

"Na mwaka jana, baba. Hawajawahi kuondoka."

Kesho yake, kwa mara ya kwanza tangu alipokijenga, kibanda cha karibu na stendi hakikufunguliwa.