Tumbo Halijui Mpaka

Nakumbuka vizuri, mwanangu, siku niliyokula ugali nikauita jina jingine, maana jina lile nusura linizike.

Nilikuwa bado mama wa nguvu, nauza maharage hapa Tunduma, mnene wa kuingia mlangoni kwa ubavu. Nikaringa na unene huo, kwetu mke akinenepa, sifa ni ya mume. Kumbe sukari imepanda. Miguu ikaanza ganzi. Nesi wa zahanati akanikalisha: "Mama, mwili usipopungua, huo mguu utakatwa."

Akanipangia mlo wa awamu. Mimi awamu nilizozijua ni za marais! Ya kwanza, wiki mbili: ugali, wali, viazi, chai ya sukari, vyote marufuku, nile mboga za majani, mayai, samaki. Ya pili, kurudisha kidogo kidogo huku ananipima. Ya tatu, ugali wa ngumi moja, basi, hadi kaburini. Vidonge vya sukari nilivyokuwa nameza akanipunguzia, kidole hiki hapa usoni: "Hivi vinakwenda na unachokula. Ukibadili chochote, niambie kwanza."

Nikaapa mbele ya wanangu: ugali sigusi. Siku ya tano nikavuka mpaka kwenda Nakonde, kwa Shangazi Enesi aliyeolewa Zambia. Akaepua chungu. Nikajiambia, ugali ni ule wa Tunduma. Huu wenzetu wanauita nshima, na nshima sikuiapia. Cheka tu, mwanangu. Nilikata matonge hadi jasho likanitoka. Kesho yake nikarudi kula tena.

Siku ya kupimwa ikakaribia, gauni bado linanibana. Njia ya mwongo fupi. Kwa aibu nikazidisha ujinga: siku mbili sikutia kitu mdomoni, ila vidonge nikameza, hata vile nilivyopunguziwa, ili kipimo kinisitiri.

Asubuhi ya tatu nikampelekea Shangazi maharage. Mlangoni pake nikajishika ukutani nisianguke. Jasho la baridi. Nikawaona Shangazi wawili, nikamwita mama yangu, marehemu wa miaka mingi.

"Umekula nini?"

"Sijala."

"Na vidonge?"

Nikageuza uso. Hata pale, mwanangu, nalinda sifa yangu!

"Sema, we mtoto! Nikuzike na uongo wako?"

"Nimemeza. Vyote."

Akakoroga sukari kwenye maji, akaninywesha kijiko kwa kijiko, anapiga kelele jirani alete gari. Nilipoanza kumwona mmoja, nikamweleza kiapo changu na hila ya nshima, akanisonya.

"Eti nshima! Tumbo lako lina pasipoti? Mpaka uko barabarani, tumboni haupo."

Gari likanifikisha kwa nesi, nikamwambia ukweli wote, wa nshima na wa vidonge. Nikaanza upya, awamu ya kwanza. Mguu ninao mpaka leo. Wakati wa baridi unauma, lakini ni wangu.

Sasa na wewe umepewa karatasi yako ya mlo. Usiruke awamu kwa pupa, na dawa usiiongeze wala kuiacha kwa akili yako. Ukishindwa ukala, nenda ukaseme siku hiyohiyo. Anayekupima hana fimbo. Mficha maradhi, kifo humuumbua.

Mungu akupe mdomo mwepesi wa kusema kweli kuliko wa kula. Miguu yako yote miwili ikufikishe harusini kwa wajukuu zako, na ukicheza, usihitaji mtu wa kukushika mkono.