Kadi ya Nabwire na Sauti ya Kukhu

Enzi zetu kule kijijini Sigalame, tukikwepa mpira wa kati na kuruka kamba ya blada mpaka magoti yaote vumbi, hakuna mtoto aliyesema simu yake imejaa. Simu yenyewe tungeitoa wapi? Tulijaa sisi: ugali wa kahawia wa muhogo na mtama, omena, wale dagaa wa Port Victoria, na mapera ya jirani ambayo mwenyewe alijifanya haoni tukiyachuma. Kukhu, nyanya yetu mzaa mama, alikuwa akituita jioni kwa jina la ukoo, na sauti yake ilifika mtoni kabla hatujamaliza kuoga.

Mama alikuwa Uarabuni, akifanya kazi ya nyumbani. Alipoondoka nilikuwa bado natafuta nafasi mgongoni mwake. Alipiga simu mara chache, na kila tukipata raha ya kuongea, laini ilikatika. Kukhu alibaki ameishika simu sikioni, akiita, "Nafula? Nafula?" kama mtu anayeita ng'ombe aliyevuka mpaka.

Mwaka mmoja kukhu alianza kuugua kifua. Hakutaka mama aambiwe. Lakini jirani yetu mmoja alikuwa anarudi kulekule Uarabuni, na mama mdogo Ajiambo, mdogo wake mama, akapata wazo: turekodi kukhu akiongea, tuweke kwenye memori kadi, jirani ampelekee mama. Ajiambo alikuwa na kibanda Busia, karibu na geti la kuvukia Uganda, ambako aliwawekea watu nyimbo kwenye simu. Kadi tuliyokuwa nayo ilikuwa moja tu, ya dada yangu Nabwire. Aliipata baada ya kumsaidia mama mdogo kibandani likizo nzima, na aliijaza nyimbo alizozipenda kuliko chakula, akizisikiliza kwa simu ya kukhu.

Jumapili baada ya kanisa, Ajiambo akaja na simu yake nzuri ya kamera. Kukhu akavaa gauni la Pasaka, akajipaka mafuta, akaketi kwenye kiti mlangoni. Nabwire akafuta nyimbo zake karibu zote, akabakisha mbili za roho yake. Tukaanza kurekodi video. Kukhu akasalimia. Akauliza hali ya mama, akanyamaza kusubiri ajibiwe. Tukamnong'oneza aendelee. Akasalimia tena kwa niaba ya shangazi, kwa niaba ya kasisi, kwa niaba ya ng'ombe. Simu ikalia, video ikakatika.

"Imejaa," Ajiambo akasema.

"Imejaa?" Kukhu akashangaa. "Na mimi bado niko kwa salamu!"

Tulicheka, lakini Nabwire hakucheka. "Mama mdogo, hii kadi imeandikwa megabaiti mia na ishirini na nane. Simu inaonyesha mia na ishirini na mbili. Hawa watu wa duka wametuibia!"

"Hawajaiba," Ajiambo akasema. Akachukua gorogoro ya kupimia mahindi. "Mwenye kiwanda anahesabu kilobaiti ni baiti elfu moja, basi. Simu inahesabu elfu moja na ishirini na nne, kwa sababu hizi mashine zinapanda kwa mbilimbili: mbili, nne, nane, mpaka hapo. Megabaiti ni hivyo hivyo, ni kilobaiti elfu na kidogo. Gigabaiti ni megabaiti elfu na kidogo. Sasa wewe ukipima gunia moja kwa gorogoro ndogo na mimi nipime kwa gorogoro kubwa, tutapata hesabu tofauti. Mahindi ni yale yale."

Kukhu akaitikia kwa kichwa. Mambo ya gorogoro alikuwa anayajua.

"Sasa tufanyeje?" nikauliza.

"Video hii ya salamu tuiache, mama yenu aone uso wa kukhu, lakini picha ndiyo inakula nafasi. Sauti ya kuongea peke yake inakula kidogo sana, hata kuliko muziki. Wimbo mmoja ni kama megabaiti nne. Mkifuta wimbo mmoja, kukhu anaweza kuongea zaidi ya nusu saa."

Sote tukamwangalia Nabwire. Alikuwa msichana wa kidato cha pili, na zile nyimbo mbili ndizo alizosikiliza akifua, akipika, akilala. Alibonyeza, wimbo mmoja ukafutika, akabonyeza tena. Kisha akampa kukhu simu.

"Ongea, kukhu. Ongea mpaka uchoke."

Kukhu akaongea. Alisema nani ameolewa Amukura na nani amekataa kuolewa. Alimweleza mama namna ya kujifunga leso kiuno kikiuma, akamkaripia kwa kukonda kwenye picha aliyotuma. Mvua ikanyesha katikati, ikapiga mabati, tukataka kusimamisha. Kukhu akatukataza kwa mkono. Mwishowe akaomba, akataja majina yetu yote, la mama akalirudia. Kuhusu kifua hakusema. Lakini alikohoa, na kikohozi hakifutiki.

Jirani akaipeleka kadi. Mama alitueleza baadaye kwamba aliisikiliza akiosha vyombo, kwa spika za masikioni, moja tu ikiwa nzima. Maneno aliyavumilia. Mvua ya nyumbani ikipiga mabati ndiyo iliyomliza. Aliposikia kile kikohozi akajua, akamwomba mwajiri wake ruhusa mpaka akaipata. Alimkuta kukhu yuko hai. Walikaa pamoja msimu mmoja wa kupanda, kitanda kimoja, wakigombana kuhusu chumvi. Kukhu akafa mama akiwa amemshika mkono.

Siku hizi binti yangu ana simu ya gigabaiti mia na ishirini na nane, yaani kadi ya Nabwire mara elfu moja, na bado analia imejaa. Imejaa nini? Chipsi moja aliyoipiga picha kutoka pembe zote, na uso wake ukiwa umevuta midomo kama mtu anayepuliza uji. Ukimwambia afute, anakutazama kama umemwambia afute ukoo. Mimi mwenyewe si bora zaidi. Nina diski ya terabaiti moja, yaani gigabaiti elfu, ndani ya droo, na sijui ndani yake mna nini.

Pasaka iliyopita nilikuwa nyumbani Sigalame. Mama, sasa mvi zimemjaa, alikuwa anamenya muhogo. Nikatoa simu nimrekodi kidogo kabla basi langu la kurudi Nairobi halijaondoka Busia.

"Unataka niseme nini?" akauliza.

Nikaangalia saa kwenye simu. Wakati kadi ilipokuwa ndogo, tulikuwa na mchana mzima wa kumpa mtu. Bodaboda wa kunipeleka kwenye basi alikuwa tayari anapiga honi barabarani. Nikatoka nikamwambia aende zake, nikarudi, nikachukua kisu cha pili na muhogo. Mama akanisogezea kigoda, akaanza kunieleza habari za mtu aliyekufa kabla sijazaliwa.