Mwiko wa Mama Selpher

Kule Satellite, Nairobi, ukiulizia fundi wa stima anayetembea na mwiko wa ugali ndani ya begi, hata mama mboga atakuonyesha mlango. Wanamcheka, ndiyo. Watu wa ploti anayoishi hawana dogo. Lakini soketi ikianza kutoa moshi, hao hao ndio hubisha hodi kwake: "Mzee Bramwel, uko ndani? Kuja haraka!"

Na si mzaha, ni mwiko kweli. Wa mti mgumu, mweusi kwa miaka ya jikoni. Ncha ya mpini ameichonga kwa kisu ikawa nyembamba, kisha akaitia pengo dogo la kushikia waya. Sasa usinicheke na wewe. Ndani ya boksi la stima nyaya hulala zimebanana, na fundi akitaka kujua ipi imelegea, lazima azisogeze kando moja moja, halafu azirudishe ndani polepole. Kwa bisibisi ya chuma unajitafutia makubwa. Kwa kidole? Thubutu! Inatakiwa kitu kisichopitisha stima: plastiki ngumu, au mti mkavu. Mkavu kabisa, nasisitiza, maana hapo ndipo mambo ya Bramwel yalipokuja kuharibika.

Mwiko huo ulikuwa wa mkewe, Lornah, ambaye ploti nzima ilimwita Mama Selpher. Walipofika Nairobi kutoka Vihiga, bado arusi inanukia, Bramwel alikuwa fundi asiye na msaidizi. Kazi ya stima inapowaka inataka watu wawili. Mmoja anagusa, mwingine anasimama nyuma na kipande cha mti mkavu, ili stima ikimshika mwenzake aupige ule mkono utoke kwenye waya. Bramwel hakuwa na wa kusimama nyuma. Akawa anagusa tu, Mungu saidia.

Jioni moja Lornah alimkuta akichokora boksi la jirani peke yake. Akakimbia ndani, akachukua mwiko wake mpya ambao haukuwa umeona sufuria bado, akaja akasimama nyuma ya mumewe, miguu kaitanua.

"Unafanya nini?" Bramwel akamuuliza.

"Nangoja stima ikukaushe hapo nikutandike," Lornah akasema. "Ulidhani nimekuja Nairobi kuwa mjane? Kabla hujagusa, uniite. Nikijibu, gusa. Nikinyamaza, usiguse."

Basi ikawa hivyo. Bramwel akipanda stuli na kufungua boksi, huuliza bila kugeuka, "Uko?" Na nyuma yake sauti hujibu, "Niko." Ndipo mkono unaingia. Walizunguka Riruta yote hivyo, wakafika hadi majumba ya Kitisuru, ambako walinzi walikuwa wakimwangalia huyu mama na mwiko wake wasijue kama amekuja kupika. Mwiko wa kupikia ulikuwa mwingine. Huu haukuonja maji hata siku moja. Ulining'inia kwenye msumari juu ya jiko, na ole wako uuguse.

Alimpiga mara moja tu. Bramwel alikuwa amekumbuka kichekesho cha kanisani, mabega yakaanza kutikisika, na Lornah akadhani ameshikwa. Wewe! Alimshushia mwiko mmoja, mkono ukavimba wiki nzima. Walirudi nyumbani wakicheka mpaka watu wakawa wanageuka barabarani.

Mwaka juzi figo zikamchukua Lornah. Akazikwa huko Vihiga, nyumbani kwa kina Bramwel, na baada ya matanga wanawake wakakaa kugawana vyombo vyake vilivyoletwa kutoka Nairobi. Bramwel akaja akasimama mlangoni, kofia mkononi, akaomba mwiko. Wanawake wakatazamana. Kwao mwanamume hana shughuli na mwiko. Akionekana nao, watu watauliza nyumba hiyo ina nini.

"Shemeji, mwiko wa nini?" dada mkubwa wa Lornah akauliza.

"Wa kazi," akasema.

Dada mtu akamtazama usoni, akaupangusa kwa khanga yake, akampa. Hakuuliza tena.

Tangu hapo Bramwel anafanya kazi peke yake. Ndipo alipouchonga ule mpini, ili mwiko usikae bure. Bado anauliza, "Uko?" Lakini hangoji. Anausikia mwiko kiganjani, na kwake hilo limekuwa jibu, kisha anaingiza mkono. Selpher, binti yake, ambaye ni muuguzi Eldoret, alipojua alilia kwenye simu. Halafu akashuka Nairobi siku ya likizo, akapitia maduka ya vifaa vya stima ya Luthuli, akamletea vifaa vya plastiki ngumu vya fundi: vijiti vyembamba vyenye kulabu na uma mwishoni, vimefungwa kwenye karatasi ngumu.

"Baba, mti si wa kuaminika," akamwambia. "Tafadhali. Nimebaki na wewe tu."

"Asante, mama. Ni vizuri sana," Bramwel akajibu, akavitia chini kabisa ya begi, wala hakuvifungua. Nikwambie wazi alichokuwa anaogopa: siku atakayogusa waya bila mwiko ule, Lornah atakuwa amekufa. Huko Vihiga walizika mwili. Kwenye kazi alikuwa hajamzika, na hakutaka.

Sasa ikaja Jumapili moja. Bramwel alitoka kanisani akaingia nyumbani, akakaa kitandani na koti lake. Nyuma ya ukuta, mlango wa pili, jirani alikuwa anasonga ugali. Unaijua ile sauti, mwiko ukigonga ukingo wa sufuria, tu, tu, tu. Upweke ukamjia mzee wa watu mpaka akashindwa kuvua viatu. Yeye hula kibandani, sufuria za Lornah ziligawanywa, akabaki na moja. Akainuka, akachemsha maji, akatia unga. Na mkono wake, sijui ulitumwa na nani, ukapanda msumarini ukautoa mwiko.

Alisonga ugali. Ulitoka na madonge, haki, lakini nyumba ikanukia. Akala, akalia kidogo, akala tena. Kisha akafanya kile kila mtu hufanya ukoko ukikataa kutoka: akajaza sufuria maji, akautumbukiza mwiko ndani, akalala. Fundi wa miaka yote hiyo! Ukimuuliza atakwambia siku hiyo hakuwa fundi, alikuwa mtu mwenye nyumba yake.

Asubuhi simu ikamwamsha. Ni Gichuru, mwenye nyumba za kupangisha kule Mutuini: taa za korido zinazima na kuwaka, na boksi linanguruma. Bramwel akautoa mwiko majini. Akaupangusa, akauweka juu ya jiko akinywa chai. Juu ukakauka. Ndani je? Alijua. Nani wa kumfundisha yeye? Akauangalia, akavifikiria vile vifaa vya Selpher chini ya begi, akasema kwa sauti, "Umekauka." Akautia begini akatoka.

Mutuini alimkuta Gichuru getini na ndoo ya maziwa, ng'ombe wake wanamngoja.

"Fundi, usinizimie stima," Gichuru akasema. "Kuna kinyozi hapo mbele, na hawa watu wa ndani wakikosa TV nitasikia mimi. Si wewe huwa unafanya tu ikiwaka?"

"Huwa nafanya," Bramwel akakubali shingo upande. Gichuru akaenda zake kwa ng'ombe.

Korido ilikuwa ndefu, milango imefungwa pande zote, na nyuma ya kila mlango TV inaongea. Bramwel akaweka stuli, akapanda, akafungua boksi. Nyaya zikamtazama zimejikunja. Akashika mwiko, jasho kiganjani.

"Uko?" akauliza. Hakungoja. Akaupenyeza mpini ndani, akausogeza waya wa kwanza.

Lo! Stima ilipita kwenye ule mti kama waya ulio uchi. Ikamfika kiwiko, ikamfika bega, meno yakagongana. Bahati yake, mkono ulirushwa badala ya kushikwa. Stuli ikapinduka, na mzee mzima akaanguka chali kwenye simenti, mwiko ukabingirika hadi mlango wa mtu.

Akalala pale. Hakuweza kuvuta pumzi vizuri. Mkono ulikuwa unacheza wenyewe. Nyuma ya mlango wa kushoto watu wa TV wakacheka, wote pamoja, na mlango wa kulia mtu akaongeza sauti. Hakuna aliyetoka. Bramwel akaiangalia dari, akawaza: ningekuwa nimekufa sasa, na hao wangekuwa bado wanacheka. Selpher angepigiwa simu na mtu asiyemjua. Alisikia uchungu, si wa mkono. Uchungu wa kwamba kweli hakuna mtu nyuma yake. Hakuna. Miaka miwili amekuwa akimuuliza mwiko.

"Mama Selpher," akaita pale chini, sauti ndogo. "Mbona hukunipiga?"

Alipopata nguvu akaketi, akauvuta mwiko kwa mguu, akaushika. Ulikuwa na unyevu mpaka kwenye ile ncha aliyochonga. Akaufunga kwenye kitambaa akauweka begini. Halafu akazamisha mkono chini kabisa ya begi, akatoa vifaa vya Selpher, akararua ile karatasi kwa meno. Akachagua kijiti chembamba chenye uma mwishoni. Kilikuwa chepesi mno. Hakikuwa na harufu ya kitu chochote.

Akasimamisha stuli, akapanda. Nyaya ziko pale pale. Akanyoosha kijiti.

"Uko?" akauliza.

Safari hii akangoja. Alingoja kama alivyokuwa akingoja zamani, shingo kaiinamisha, sikio nyuma. TV zilikuwa zinaongea. Kinyozi alikuwa anapiga mziki wake. Akauliza tena, kwa sauti kubwa zaidi, kama mtu anayemwita mwenzake kutoka chumba kingine.

"Lornah, uko?"

Kimya. Na kanuni aliijua, aliyeiweka alikuwa mkewe mwenyewe: nikinyamaza, usiguse.

Basi akautoa mkono kwenye boksi. Akashuka, akaenda hadi mwisho wa korido kwenye swichi kubwa, akaizima.

TV zote zilikata kauli mara moja. Mziki wa kinyozi ukafa. Halafu milango ikaanza kufunguka, mmoja, wa pili, na watu wakatoa vichwa.

"Fundi, vipi? Tumekosa nini?"

"Landilodi alisema stima haizimwi!"

"Inazimwa," Bramwel akasema. "Mpaka nimalize."

Kinyozi akaja mbio na mashine mkononi, nyuma yake mteja mwenye kichwa kilichonyolewa nusu. Wakapiga kelele zao, wakamwita majina. Bramwel hakuwajibu. Mama mmoja, jina lake Veronicah, akamsogelea akamtazama mgongoni.

"Mzee, umeanguka? Uko na vumbi mgongo yote."

"Nimeanguka," akasema.

"Na hatukusikia! Pole, baba," Veronicah akasema, akampangusa koti kwa kiganja, pa, pa, pa, kisha akarudi kwake kuangalia chungu chake.

Bramwel akajaribu nyaya kwa tesita ya kupimia stima, moja moja. Zilikuwa zimekufa zote. Hata hivyo akatumia kile kijiti cha plastiki, kwa kuwa ndivyo kazi inavyotakiwa. Akauona waya uliolegea, akaukaza, akazipanga nyingine ndani, akafunga kifuniko. Wakati wote huo hakuuliza mtu kitu. Alipowasha, TV zikarudi kucheka.

Njiani alimpigia Selpher.

"Nimefungua zile vitu zako," akamwambia.

Selpher akauliza, "Baba, kumetokea nini?"

"Hakuna. Ni nzuri. Nyepesi." Akataka kuongeza jambo, akaliacha. "Nitakupigia tena, mama."

Jioni hiyo, Satellite, jirani alipoanza kusonga ugali, Bramwel naye akateleka maji. Akautoa mwiko kwenye kitambaa. Akasonga, na safari hii madonge yalipungua. Alikula peke yake mezani, upande ambao Lornah alikuwa akikaa akaweka begi. Alipomaliza, akakwangua ukoko akashindwa. Akainua mwiko, akautazama msumari juu ya jiko.

Akajaza sufuria maji, akautia mwiko ndani, akauacha humo.